Uzi: Amboseli ni ya nani? Historia ya deni ambalo kila kampeni hulikuta mahali pale pale

1/ Msimu wa kampeni ukifika Kajiado, Narok, Taita Taveta au Laikipia, utasikia sentensi mbili. Ya kwanza hutoka jukwaani: "Serikali hii inapenda ndovu kuliko watu." Ya pili hutoka kwa watu wa mjini, kwenye simu zao: "Hao watu ndio walivamia ardhi ya wanyama." Makofi hapa, matusi pale, kura zinapigwa, na wiki inayofuata ndovu anaingia shambani kama kawaida.

2/ Uzi huu haumtetei mheshimiwa yeyote wala chama chochote, na sitataja jina la mwanasiasa hata mmoja. Nataka tuchukue mahali pamoja, Amboseli, tufuate historia yake kutoka mwanzo. Ukimaliza utajua zile sentensi mbili kila moja imeacha nini nje. Ni mrefu kiasi, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

3/ Tuanze na ardhi yenyewe. Amboseli iko kusini mwa Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mvua ni haba, kama milimita 350 tu kwa mwaka. Lakini maji ya mlima hupita chini ya ardhi na kutokeza tambarare kwenye vinamasi kama Enkongo Narok na Longinye. Mvua ikinyesha, ng'ombe, punda milia, nyumbu na ndovu hutawanyika nyikani. Kiangazi kikikaza, wote wanarudi vinamasini. Shika hiyo point vizuri: mwenye vinamasi ndiye mwenye kiangazi.

4/ Wamaasai walipanga maisha yao juu ya mzunguko huo. Walihama na mvua, wakaacha malisho ya karibu na maji yapumzike, na karibu na boma wakatenga nyasi za ndama, olopololi. Nyama pori hawakula kwa kawaida, ila ukame ukiua mifugo. Ndiyo maana wazee waliwaita wanyama pori "ng'ombe wa pili". Ilikuwa kama akiba, haiguswi mpaka shida ije.

5/ Tusidanganyane ati ilikuwa bustani ya Edeni. Simba walikula ng'ombe, morani wakaua simba, nyati na ndovu wakaua watu. Lakini angalia hesabu ilivyokuwa: aliyeumizwa na mnyama alikuwa na uwezo wa kujibu, na siku ya njaa mnyama huyo huyo alimfaa. Hasara na faida zilikaa boma moja. Tutarudi hapa.

6/ Miaka ya 1890 ikaja sotoka. Ugonjwa huo uliua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, pamoja na nyati na nyumbu. Ndui na njaa vikafuata, na watu wakafa kwa wingi. Kwa hivyo wakoloni walipofika kupima ardhi, walikuta nchi iliyotoka tu kwenye msiba. Wao wakaandika kwamba ni nchi tupu. Hilo wazo la "nyika isiyo na mwenyewe" lilianza hapo, na bado liko kwenye vichwa vya watu.

7/ Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa na kuwekwa kwenye maeneo mawili, Laikipia kaskazini na lingine kusini. Waliahidiwa kwamba ni yao milele. Mwaka 1911 yakaja makubaliano ya pili, wa Laikipia nao wakasukumwa kusini. Walienda kortini mwaka 1913 na wakashindwa, si kwa sababu walithibitishwa kuwa na makosa. Korti ilisema tu kwamba huo ni mkataba baina ya mataifa, na yenyewe haina uwezo wa kuusikiliza.

8/ Ahadi ya kwanza iliyovunjwa ndiyo hiyo. Ilivunjwa ndani ya miaka saba. Ukishangaa mbona mzee wa Kajiado akisikia "serikali inaahidi" anacheka tu, anza kuhesabu kutoka hapo.

9/ Huku sheria za uwindaji zikiandikwa. Sehemu kubwa ya ile ardhi ya kusini ya Wamaasai ilitangazwa pia kuwa hifadhi ya wanyama. Mwafrika mwenye upinde akawa jangili. Mzungu mwenye bunduki na leseni akawa mwindaji wa heshima. Mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani alikuja Afrika Mashariki na mwanawe, na wawili hao wakaua wanyama zaidi ya 500. Walisindikizwa kama wageni rasmi. Kwa hivyo swali la sheria halikuwa kama mnyama atauawa. Lilikuwa nani ana ruhusa.

10/ Mwaka 1945 ikaja sheria ya mbuga za taifa, na mbuga maana yake ilikuwa ardhi isiyo na watu. Nairobi ikatangazwa 1946, Tsavo 1948. Amboseli ilikuwa ngumu kidogo, kwa sababu ukiwafungia Wamaasai vinamasi ni kama umewaua. Kwa hivyo mwaka 1948 ikafanywa hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na wao wakaruhusiwa kubaki na mifugo. Kubaki kama wageni kwao, lakini walibaki.

11/ Sasa inaingia kesi ya miti, na hii naipenda kwa sababu inaonyesha utafiti unavyoingia kwenye siasa. Miaka ya 1950 misitu ya migunga kuzunguka vinamasi ilianza kukauka. Wasimamizi wa hifadhi walikuwa na jibu tayari: ni ng'ombe. Ng'ombe wamezidi, wanakanyaga, wanamaliza nchi. Toa ng'ombe, miti itarudi. Jibu hilo likarudiwa miaka mingi mpaka likawa sababu kuu ya kutaka Wamaasai waondolewe.

12/ Mwaka 1961, uhuru ukikaribia, Amboseli ilikabidhiwa baraza la wilaya la Kajiado. Mara nayo ikaenda kwa baraza la Narok mwaka huo huo. Kwa mara ya kwanza kiingilio cha watalii kikaingia mikononi mwa wenyeji. Ila angalia mikono gani. Pesa zilifika ofisi ya baraza Kajiado mjini. Mama aliyekuwa analala macho kando ya kinamasi akilinda mbuzi wake hakuziona. Hilo nalo likumbuke, tutalihitaji tukifika kwa kaunti.

13/ Mwaka 1967 mtafiti kijana, David Western, aliyekulia Tanganyika, alianza kuhesabu mifugo na wanyama Amboseli, kwa miguu na kwa ndege ndogo. Alichokuta kinaeleweka na mchungaji yeyote: ng'ombe na wanyama pori walikuwa wanafuata mzunguko mmoja, wakitoka na mvua na kurudi na kiangazi. Mpaka wa hifadhi kwenye ramani haukuwahusu. Ukiwafungia ndani ya mpaka, mzunguko unakatika kwa wote.

14/ Na miti je? Western na mwenzake walipima udongo na maji. Mwaka 1973 wakachapisha matokeo: maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamepanda, yakaleta chumvi juu mpaka kwenye mizizi ya migunga, miti ikafa. Baadaye alizungushia vipande vya ardhi fensi ya stima ili kuwazuia ndovu, akavifuatilia kwa miaka 20. Ndani ya fensi miti ilirudi. Nje, ndovu waliikata ikiwa michanga. Chumvi na ndovu. Ng'ombe hakuwa mshtakiwa mkuu hata kidogo.

15/ Lakini siasa haikungoja matokeo ya fensi. Kufuatia amri ya rais, mwaka 1974 kilomita za mraba 392 za katikati, zile zenye vinamasi, zikatangazwa mbuga ya taifa chini ya serikali kuu. Linganisha: mfumo mzima ambao wanyama hawa hutumia ni zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Serikali ilichukua kipande kidogo tu, ila kipande hicho ndicho kilikuwa na maji.

16/ Hasira ilikuwa kali. Miaka hiyo morani walichoma vifaru na ndovu kwa mikuki wakawaacha pale pale. Hawakuchukua nyama wala pembe kuuza. Ilikuwa ni barua kwa serikali, imeandikwa kwa njia ambayo ingesomwa. Ukisikia leo mtu ameua simba baada ya mkutano kuvunjika, jua ni barua ya aina hiyo hiyo.

17/ Ili kutuliza mambo, wenyeji wakaahidiwa vitu vinne: maji ya bomba nje ya mbuga ili ng'ombe wasihitaji vinamasi, malipo ya kila mwaka kwa sababu wanyama wa mbuga hulisha kwenye ardhi yao, huduma kama shule na zahanati, na mgao wa mapato ya utalii. Benki ya Dunia ikatoa mkopo. Na kwa muda ikafanya kazi! Mifugo ilitoka mbugani, wanyama wakaachwa kwa amani. Wale watu wanaoambiwa "hawapendi wanyama" walitimiza upande wao.

18/ Halafu malipo yakakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pampu zikaharibika, mabomba yakakauka, na hakukuwa na bajeti ya kuyatengeneza. Ng'ombe akishikwa na kiu hasomi gazeti rasmi la serikali. Akarudi kinamasini. Tofauti ni kwamba safari hii mchungaji wake akawa mhalifu, anayekamatwa kwenye maji ambayo babu yake alinywesha.

19/ Tuangalie sheria za kitaifa wakati huo huo. Sheria ya 1976 iliweka wanyama chini ya serikali, lakini ilikubali fidia mnyama akiharibu mazao au mali, akijeruhi au kuua. Mwaka 1977 uwindaji wote ukapigwa marufuku, na 1978 biashara ya ngozi na pembe. Sababu ilikuwa ya kweli: ujangili ulikuwa umeota mizizi. Kenya ilikuwa na ndovu kama 167,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 walikuwa chini ya 20,000.

20/ Lakini marufuku ilikuwa na upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Mwenye ardhi aliyekuwa akipata ada kutoka kwa wawindaji wa leseni alibaki bila kitu. Mnyama alibaki kwake, anakula nyasi zake, anaua mbuzi wake, na hakuna shilingi inayoingia. Unaweza kuunga mkono marufuku, na mimi nadhani iliokoa ndovu, na bado ukakubali kwamba kuna mtu alilipishwa gharama yake bila kuulizwa.

21/ Mwaka 1989 ndio naona umebeba historia yote. KWS iliundwa. Julai ya mwaka huo tani 12 za meno ya ndovu zikachomwa Nairobi mbele ya kamera za dunia, na kweli dunia ikabadilika: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ikapigwa marufuku. Mwaka huo huo sheria ilirekebishwa na fidia ya mazao, mifugo na mali ikaondolewa. Kukabaki fidia ya kifo na majeraha tu. Kifo kilikuwa shilingi 30,000.

22/ Sababu iliyotolewa ni kwamba madai ya uongo yalikuwa mengi na pesa hazikutosha. Huenda ni kweli. Lakini fikiria ujumbe uliomfikia mkulima wa Kimana: ndovu akiuawa ni habari ya dunia, ndovu akila shamba lako ni shida yako. Picha ya ule moto iko kila mahali hadi leo. Kile kifungu kilichofutwa hakuna aliyekipiga picha. Sentensi ya jukwaani, "wanapenda ndovu kuliko watu," haikuzuliwa na mwanasiasa. Aliiokota hapo.

23/ Haina maana kwamba hakuna kilichofanyika. Miaka ya 1990 KWS ilianza kugawa sehemu ya mapato kwa majirani wa mbuga. Mwaka 1996 ranchi ya kikundi ya Kimana ilifungua hifadhi yake yenyewe ya wanyama. Mwaka 2003 ukaanza mfuko wa fidia ya mifugo kule Mbirikani, na huu una masharti ya akili: boma likiwa bovu unalipwa kidogo, na mtu akiua simba jamii nzima inakosa malipo. Majirani wanachungana wenyewe.

24/ Mwaka 2007 kikaanza kitu kingine: morani waliajiriwa kulinda simba. Kijana ambaye zamani angejipatia jina kwa kuua simba sasa anawafuata kwa nyayo na kwa kola za redio, anawapa majina ya Kimaasai, asubuhi anawaambia wachungaji "leo msipeleke ng'ombe upande ule". Akisikia kuna mtoto au ndama aliyepotea, anamtafuta. Heshima ya morani ilibaki, kazi ndiyo iliyogeuka. Mauaji ya simba kwenye maeneo hayo yakapungua sana.

25/ Lakini mambo haya yanategemea malipo kufika na watu kusikilizwa. Mwaka 2012 nyati alimuua mvulana karibu na Amboseli, wananchi wakaona majibu ya serikali ni dharau, na mikuki ikatoka tena: ndovu na nyati wakachomwa. Mei 2023 simba sita waliuawa kwa siku moja Mbirikani baada ya kuua mbuzi. Wiki hiyo hiyo aliuawa Loonkito, simba dume wa miaka 19, mmoja wa wazee kabisa porini. Mitandao ikalia Loonkito. Mwenye mbuzi hakuna aliyemuuliza.

26/ Sasa siasa yenyewe. Septemba 2005, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, tangazo la gazeti rasmi liliishusha Amboseli kutoka mbuga ya taifa hadi hifadhi chini ya baraza la Kajiado. Wanaharakati wakaenda kortini, na baadaye Mahakama Kuu ikasema utaratibu wa sheria haukufuatwa. Wenyeji wakasema: 1974 mlituchukulia bila utaratibu, hamkulalamika. Wengine wakasema: mali ya taifa haigawiwi kama unga wa kampeni. Kusema ukweli, wote walikuwa na hoja.

27/ Miaka ya karibuni suala la kurudisha Amboseli kwa kaunti limefufuka, na utalisikia tena. Kabla hujachagua upande, angalia Narok. Mara haikuwahi kuchukuliwa na serikali kuu, ilibaki kwa baraza na sasa ni ya kaunti. Je, familia zinazoishi kando yake zimetajirika kwa kiingilio? Kwa miaka mingi malalamiko yao yalikuwa yale yale: pesa zinaishia ofisini. Kilichobadilisha mambo kwa wengi ni hifadhi za jamii zilizoanza kuenea miaka ya 2000, ambapo mwenye ardhi analipwa kodi ya ardhi yake moja kwa moja.

28/ Funzo lake ni dogo lakini lina uzito. Kuhamisha mbuga kutoka Nairobi hadi makao makuu ya kaunti ni kuhamisha ofisi. Kunaweza kuwa haki ya kihistoria, sikatai. Lakini kama hakuna sheria ya kaunti inayosema asilimia ngapi inaenda kwa nani na lini, yule mama wa namba 12 bado analala macho.

29/ Na fidia? Sheria ya 2013 ilirudisha kile kilichofutwa 1989, na kwa ukarimu: milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha la kuacha ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na mazao na mifugo kwa bei ya soko. Kila kaunti ikapewa kamati ya kupitia madai. Kwenye karatasi ni sheria nzuri kuliko tulizowahi kuwa nazo.

30/ Chukua mama mwenye ekari mbili za nyanya Kimana. Ndovu wamepita usiku. Anaripoti, anajaza fomu, afisa anakuja kukadiria hasara, faili inaenda kwa kamati ya kaunti, kamati inakutana ikipata bajeti ya kukutana, kisha faili inaenda wizarani, na huko inangoja fedha. Madai yasiyolipwa yamekuwa yakihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Nyanya zake zilikuwa za karo ya muhula huu. Bunge liliandika kiasi. Halikutenga pesa za kukilipa.

31/ Ndiyo maana kila kampeni ina ahadi ya "kuongeza fidia". Kuongeza kiasi ni rahisi, ni mstari mmoja kwenye hotuba. Kulipa ndani ya miezi mitatu ni kazi: inahitaji bajeti, wakadiriaji, na mtu wa kuulizwa faili iko wapi. Mwanasiasa anayetaja milioni bila kutaja miezi hajakuambia kitu.

32/ Turudi kwa watu wa mjini na "walivamia ardhi ya wanyama". Takriban thuluthi mbili ya wanyama pori wa Kenya wako nje ya mbuga na hifadhi za serikali, kwenye ardhi ya watu binafsi na jamii. Hawa watu hawajavamia, wao ndio wenye nyumba. Na wanyama wanapungua vibaya: utafiti ulioongozwa na Joseph Ogutu ulionyesha kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyama pori kwenye nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68, huku mbuzi, kondoo na ngamia wakiongezeka.

33/ Ndovu ndio habari njema: hesabu ya kitaifa ya 2021 ilipata 36,280. Lakini ndovu zaidi na ardhi wazi kidogo maana yake ni kukutana zaidi. Na ardhi wazi inaisha kweli. Ranchi za vikundi zilizoundwa kwa sheria ya 1968 kuzunguka Amboseli zimekuwa zikigawanywa, kila familia na hatimiliki yake. Hatimiliki ikija, fensi inafuata, shamba linafuata, ploti inafuata.

34/ Mtakumbuka ule mzozo wa shamba la parachichi huko Kimana mwaka 2020, kwenye njia ambayo ndovu hupita. Mamlaka ya mazingira ikazuia mradi. Wengi walishangilia. Lakini swali la mwenye ardhi lilibaki hewani: kama siruhusiwi kulima hapa kwa faida ya nchi nzima, nchi nzima inanilipa nini? Wenye ardhi wengine huko wanalipwa kodi kila mwaka ili wasiweke fensi. Mahali malipo yanafika, njia ya ndovu iko wazi. Mahali hayafiki, hotuba haitaifungua.

35/ Kwa hivyo tuseme tulichojifunza. Zamani hasara na faida za kuishi na mnyama zilikaa boma moja. Sheria zikavitenganisha: faida ikaenda kwa hazina, kwa hoteli, kwa sifa ya nchi. Hasara ikabaki bomani. Tangu hapo kila mpango uliojaribu kuvirudisha pamoja, wa 1974, wa mgao wa mapato, wa 2013, haukukwama kwa sababu wenyeji walikataa. Ulikwama kwenye malipo.

36/ Na wakati wote huo mnyama na ng'ombe wamebaki jahazi moja. Ukame wa 2009 Amboseli uliua nyumbu, punda milia na ng'ombe kwa wingi wa kutisha. Mizoga ilikuwa pamoja kwenye tambarare ile ile. Mtu akikuambia uchague kati ya mifugo na wanyama, muulize ameona wapi mmoja akinusurika huko bila nyasi za mwenzake.

37/ Mkutano ujao wa hadhara, ukipata nafasi ya kipaza sauti, uliza haya matano:
- Madai ya fidia ya kaunti hii yaliyoidhinishwa na hayajalipwa ni kiasi gani, na bajeti ya mwaka huu imetenga ngapi?
- Dai likiwasilishwa leo, litalipwa ndani ya miezi mingapi, na nani anaulizwa likichelewa?
- Mbuga ikirudi kwa kaunti, asilimia gani ya kiingilio inafika kwa kaya, kwa sheria gani?
- Ranchi zikigawanywa, njia za wanyama na malisho ya kiangazi zinabaki wapi kwenye ramani?
- Anayeacha ardhi yake wazi analipwa na nani, kwa miaka mingapi?

38/ Akijibu kwa tarakimu, msikilize hata kama si wa upande wako. Akijibu kwa "ndovu au watu", mwambie historia ya hapa ni ndefu kuliko hiyo, na umpe huu uzi asome.

39/ Walio Kimana, Mbirikani, Olgulului, Kuku, Rombo, na wa Taita na Laikipia pia: kama uliwahi kuwasilisha dai, tuambie hapa chini lilichukua muda gani. Usiweke namba ya faili wala jina la mtu. Miezi tu. Tuihesabu pamoja.